Mama Bilauri, Mpimaji wa Maji

Alizaliwa Jumapili ya kwanza ya Mei, mwaka 1949, mtoto wa tatu wa fundi bomba na mshona nguo. Alipotimiza miaka kumi na tisa alikwenda kubisha hodi kwa masista, akitaka kuvaa shela ya utawa. Mama mkuu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia, "Binti yangu, hapa wa kusali tupo wengi. Kule kwenye mtambo wa maji wanatafuta mtu mwaminifu, hawampati. Nenda ukasali huko." Alilia njia nzima, lakini alitii. Kila alfajiri, kabla ya kufungua koki kuu ya kupeleka maji mjini, alikinga bilauri moja ya maji, akapima kiasi cha dawa ya kuua vijidudu, akaandika kipimo daftarini, kisha akayanywa yote. Wenzake walimtania kwamba anakunywa chai isiyo na majani, na jina la Mama Bilauri likamganda.

Jaribu lake lilikuja mwaka 1986, siku ya harusi ya mdogo wake. Kwa haraka ya kuwahi kanisani, alinakili kipimo cha jana, akafungua koki, akaondoka. Aliporudi adhuhuri alikuta mrija wa dawa umeziba. Mtaa mzima wa bondeni, ambao maji huufikia kwanza, ulikuwa umepelekewa maji ya mtoni kama yalivyo. Meneja wa mtambo alifunga mlango wa ofisi. "Dada, hebu nyamaza. Tutazidisha dawa, yataisha. Ukitoka nje na habari hii, kazi huna." Mshahara ule ndio uliomlisha mama yake mjane, naye alilijua hilo. Alifanya ishara ya msalaba, akasema, "Kazi yangu ni watu wanywe salama."

Akashuka bondeni na gauni lake la harusini, nyumba hadi nyumba, akisema wasinywe maji bila kuyachemsha, na kwamba kosa ni lake. Muuza mkaa mmoja alimjia juu. "Yaani umetunywesha uchafu, halafu unatupigia hodi umependeza hivyo?"

"Ndiyo, mama. Injika sufuria kwanza, kisha unitukane mpaka uchoke."

Muuza mkaa aliinjika, akamtukana kweli, kisha naye akaenda kubisha milango ya upande wa pili kuwaonya majirani. Watoto kumi na mmoja waliugua na hakufa hata mmoja, jambo ambalo mganga wa zahanati aliliita muujiza mpaka uzeeni kwake. Kesho yake Mama Bilauri alivuliwa upimaji, akapewa fagio. Alifagia uwanja wa mtambo miaka minne bila kununa, mpaka watu wa bondeni walipokwenda ofisini kudai apime yeye, kwa kuwa ndiye waliyejua angewaambia akikosea.

Aliaga dunia Februari 2011. Mazishini, meneja yule, sasa mstaafu mwenye mkongojo, alisimama kando ya jeneza. "Nilimwambia anyamaze," alisema. "Jioni ile nikaambiwa binti yangu alishinda bondeni kwa shangazi yake, akapewa maji yaliyochemshwa. Na bado kesho yake nikampa huyu fagio." Akaketi. Ndugu waamini, tunaomba atuombee. Nasi tukikosea kazini, tukabishe hodi kabla hatujatafutwa.