Mahari Yangu Imekufa Uani kwa Baba

Admin, nifichie jina maana ndugu zangu wote wanafuata ukurasa huu. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na tisa, naishi Kahama na mume wangu na mtoto wetu mmoja wa kiume. Kwetu ni Mhunze, Usukumani, ambako binti anaolewa kwa ng'ombe.

Mimi niliolewa kwa gari. Msicheke. Mume wangu alikuwa fundi kwa wakala wa kile kiwanda chetu cha magari ya taifa, akapata pikapu mpya. Siku ya mahari baba mwenyewe ndiye aliyeitaka. Baba mkubwa akamwonya, "Gari halizai." Baba akamjibu, "Ng'ombe wanakufa na ukame. Hili wametengeneza watoto wetu, litanibebea pamba mpaka nife." Vigelegele vikapigwa, na mimi mjinga nikajiona nimeolewa kisasa.

Kumbe kiwanda kilikuwa kinapumulia mashine! Wakubwa walikuwa wanakisifia kwenye redio huku wenyewe wanapanda magari ya nje. Kikafungwa, wakala akafunga duka, mume wangu akakosa kazi. Pikapu ilipogoma gia, baba alizunguka Kahama na Shinyanga mjini kutafuta spea, akaambulia kuchekwa. Za Kijapani haziingii. Sasa limekaa uani, kuku wanatagia kwenye siti ya dereva.

Basi mdogo wangu wa kiume amepata mchumba, na kwetu ng'ombe wa dada ndio wa kumwozea kaka. Wako wapi? Baba alikuja hapa, hata chai alikataa. Akamwambia mume wangu, "Lete ng'ombe. Ukishindwa, binti yangu anarudi na mjukuu ni wa kwangu, maana hujaoa."

Mume wangu akajibu bila aibu, "Mzee, gari nilileta zima, ukalichagua mwenyewe. Kwani kiwanda nimekifunga mimi?"

Baba alipoondoka nililia, nikamwomba mume wangu aahidi angalau ng'ombe wachache, alete taratibu. Akaniambia, "Kama unawaonea huruma, nenda ukaishi kwenye hilo gari lenu." Mimi niliyempikia miaka yote hii! Nikampigia baba. "Mayu, mama yangu, mimi sina ugomvi na wewe, nadai haki yangu," akasema, akakata simu. Mdogo wangu ndiyo hapokei kabisa. Nina hasira nao wote. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza mimi nataka nini.

Jumamosi baba anatuma wazee waje kumchukua mtoto. Mume wangu anasema wakija atawafungia geti, lakini ng'ombe hatoi hata mmoja.

Mwanangu amesikia safari, amefurahi. Akienda kwa babu hushinda kwenye lile gari akizungusha usukani. Jana kaniuliza, "Mama, babu ataniendesha?" Nikaingia jikoni nikalia.

Ndugu zangu, nishaurini bila matusi. Nimfungashie nguo zake, au nifungashe na za kwangu?