Kigae cha Mama Mkwe

Mfinyanzi hulia gaeni, husema wahenga, lakini gae la mama mkwe wangu halikuwa la kulia ugali. Lilikuwa kipande cha mtungi uliovunjika, ukubwa wa kiganja. Alikikwaruza kigae hicho kwa kijiti cha mti mgumu, kikatoa mlio wa kanga jike anayeita wenzake, na kanga wake wa kufuga, walioshinda porini, wakaja mbio mpaka miguuni pake. Mimi ni Mhaya wa Bukoba, mwalimu, na siku zile nilijiona najua mambo. Mbele ya kigae kile nilikuwa mjinga kabisa.

Ilikuwa miaka ya kuhamia vijiji vya ujamaa. Boma lake lilikuwa upande wa Sengerema, karibu na ziwa. Zamu yake ya kuhama ilipofika, mume wangu alikuwa kazini Mwanza, hivyo nikavuka kwa feri kwenda kumsaidia. Nilimkuta mkono wa kulia umevimba. Alikuwa ameanguka akibeba mitungi. Trekta lenye tela lilikuwa limeshafika, na ngurumo yake ilikuwa imewatawanya kanga wote.

"Bila kanga wangu sihami," aliwaambia wahamishaji. "Labda mnifunge kamba."

Kiongozi wao, mtu mpole, akampa muda mpaka saa sita mchana. Kazi ya kuita ikaniangukia mimi.

Nikakwaruza. Kigae kikateleza, kikatoa mlio wa bawaba kuukuu. Mama mkwe akafumba macho.

"Umetoka kula nini?"

"Samaki wa kukaanga, mama."

"Ndiyo hayo mafuta. Kigae hakitaki mafuta."

Akanituma ninawe kwa majivu, nikaushe mikono juani, kisha nisugue uso wa kigae kwa jiwe la mchanga, kuelekea upande mmoja tu, mpaka ukwaruze kidole. Sasa kikalia, lakini kwa sauti nene, iliyoziba.

"Unakikaba! Kishike kwa ncha za vidole, kiganja kibaki wazi chini yake. Kisipopumua hakisemi."

Sifichi, nilikasirika. Jua lilikuwa kali, wahamishaji wananicheka, na mimi nimezoea kusahihisha, si kusahihishwa. Yeye hata hakupandisha sauti. Aliniinamishia kijiti kidogo, akaniambia nipunguze nguvu, kisha akanikataza kukwaruza mfululizo.

"Kanga haongei kama mwalimu," akasema. "Anasema, ananyamaza, anasikiliza."

Nimefundishwa na watu wenye vyeti vikubwa, lakini sijakutana tena na sikio kama lile. Kila mkwaruzo aliusikiliza hadi mwisho, hata ule mbaya kabisa, ndipo akaniambia kasoro yake ni nini. Kila mara alikuwa sahihi, na hilo liliniudhi zaidi.

Saa sita ikikaribia, nikapata. Mlio ulitoka mkavu, mwembamba, ukakatika mwishoni kama wa ndege mwenyewe.

"Hapo hapo," akasema polepole. "Usitoke hapo."

Nikarudia. Nyasi zikatikisika kando ya shamba la pamba, kichwa kimoja kikachungulia, kisha kundi zima likaja likikimbia. Wale walionicheka wakashangilia. Tukawatia kanga kwenye matenga, tukayapandisha kwenye tela, na sisi tukapanda juu ya mizigo.

Trekta lilipoanza kuondoka nilimwambia kwa furaha kwamba tumeshinda. Alikuwa akilitazama kaburi la mumewe, pale nyuma ya boma.

"Nilikuwa naomba wasije," akasema.

Nikamuuliza: mbona basi hakuniacha niendelee kukosea, kanga wasije, naye abaki?

"Nilitaka, mwanangu," akasema. "Lakini ulikuwa unakiliza kigae vibaya mno."