Ngozi Yenye Sahihi Yangu

"Kinanuka," hakimu alisema, akakisukuma kitambulisho changu kwa ncha ya kalamu. Korti nzima ikacheka. Kilikuwa kipande cha ngozi ya mbuzi kilichopigwa muhuri: MWENYEJI HALISI, HASHTAKIWI. Kile cha serikali nilikuwa nimekichoma mwenyewe, kwa hiyo askari aliponisimamisha njiani sikuwa na kingine. Nikafungwa miezi mitatu, na kazi ikaenda.

Na kazi hiyo, vijana, niliipenda. Siku ya kwanza kwenye machinjio ya mbuzi ya Kiamaiko, msimamizi wetu, Mzee Guyo, alininyang'anya kisu.

"Wewe unachuna ama unanyoa?"

"Nachuna, mzee."

"Kisu ni cha kufungua tu. Halafu ngumi!"

Ndivyo tulivyochuna: unapasua kidogo miguuni, kisha unasukuma ngumi kati ya ngozi na nyama mpaka ngozi itoke kama shati. Kisu kikiteleza, umeacha tundu, na ngozi ya tundu mnunuzi haitaki. Tundu langu lilijulikana, refu, limepinda kushoto, maana mimi ni wa mkono wa kushoto. Guyo aliliita "sahihi ya Njoroge". Tulicheka mpaka chai ikapoa.

Ngozi hizo mbovu akaanza kuzinunua Bwana Denisi, mtoto wa setla wa Kizungu, aliyerithi shamba ambalo serikali ilitaka kuligawa. Jumapili moja alikuja mtaani kwetu Kayole na ngozi begani, shanga shingoni. Akasema serikali ni kampuni ya Ulaya, korti ni duka lake, na sisi wenyeji halisi, yeye akiwemo, haituwezi. Tuchome vitambulisho vya serikali hiyo.

"Wewe mwenyeji wa wapi?" mama muuza mboga akamuuliza.

"Kitovu changu kimezikwa hapa!"

"Na cha baba yako?"

Watu walishika mbavu. Lakini Denisi akaniita mbele, akaniinamia, akaniita Mzee wa Asili. Mimi, ndevu sina, shule niliiacha darasa la tatu! Nikaweka kidole gumba kwenye karatasi yake. Akanipa kadi yenye muhuri, ngozi ya mababu kutoka pangoni, alisema.

Pembeni nikaona tundu limepinda kushoto. Mbuzi huyo nilimchuna Jumanne. Nikanyamaza, na kitambulisho cha serikali nikakichoma.

Alama za vidole vyetu akazipeleka korti ileile aliyoiita duka: eti shamba ni la wenyeji halisi, yeye mlinzi wao. Likabaki lake.

Leo nimezeeka, na ngumi hazikunjiki vizuri. Nimekiri kunyamaza kwangu. Bado Denisi kukiri. Kadi ninayo. Aje Kiamaiko mchana, mbele ya wachunaji, aishike na ajibu: ni babu yake yupi aliyechuna kwa mkono wa kushoto?