Kifungo cha Mwisho cha Kizibao cha Bingwa

Kizibao kilinifikia wiki iliyopita ndani ya mfuko wa karatasi, na kabla sijakitoa, harufu yake ilikuwa imenifika: jasho la zamani, sigara, na chaki ya bluu wanayopaka kwenye ncha za fimbo za snuka, mchezo wa mipira ya mezani. Nikageuza uso. Mariamu, binti wa marehemu bingwa Habibu, aliyekileta, alidhani ni vumbi tu. Aliniambia klabu ya vijana kule Kagugu inapewa jina la baba yake, na kizibao kitawekwa kwenye kabati la kioo. Aliomba nikisafishe, kwa kuwa mama yangu ndiye aliyekishona.

Siwafichi, utotoni nilimpenda Habibu kuliko wajomba zangu wa damu. Nilimwita Tonto, yaani mjomba. Alikuwa akija kwenye cherehani ya mama pale Muhima na kutuonyesha, kwa ndimu na rula, jinsi mpira unavyogonga mwenzake ukarudi nyuma. Mama alinung'unika kwamba ndimu zake zote zinapondeka. Na watu wote walimsifu kwa jambo moja: nguo yake ikigusa mpira hata kidogo, yeye mwenyewe husema faulo kabla refa hajaona.

Nilikuwa na miaka tisa alipoingia fainali. Mshindi angekwenda Kampala kuichezea nchi. Mpinzani wake alikuwa Damaseni, muuza nyuzi na vifungo, mtu mpole aliyefanya mazoezi miaka mingi kwa ajili ya safari hiyo moja. Mama aliniachia kifungo cha mwisho cha kizibao nikishone mwenyewe. Alisema nipitishe uzi mara sita. Nilipitisha mara mbili nikakimbilia kuoga, nisije nikaachwa.

Alasiri hiyo ukumbi wa ghorofani ulijaa mpaka kwenye ngazi. Wenzangu walitazama mipira, mimi nilitazama kifungo changu kwa majivuno, na ndiyo maana niliona. Habibu alipoinama juu ya meza, kifungo kilining'inia, kikagusa mpira mwekundu, nao ukasogea upana wa ukucha. Akainuka taratibu. Refa alikuwa amegeuka kuandika. Damaseni, aliyeketi mbali, akauliza bila ukali wowote:

"Habibu, umegusa ule mupira?"

"Hapana. Sijagusa kitu."

"Basi iko sawa. Wewe hauwezi kunidanganya."

Habibu aligeuza macho, akaniona nimeachama. Akanikonyeza. Kisha akainama tena, akatumbukiza mipira mmoja baada ya mwingine mpaka mweusi wa mwisho, akashinda.

Baadaye aliniita kando, akanipa Fanta baridi na kuninong'oneza: "Mutoto muzuri iko na macho, mudomo hapana." Niliinywa mpaka tone la mwisho. Mwezi mzima nilitembea kifua mbele, kwa kuwa mimi na bingwa tulikuwa na siri yetu.

Baada ya Kampala yalifuata makombe, picha magazetini, na vijana wengi aliowafundisha. Kila aliposifiwa, Damaseni alikuwa wa kwanza kusimama na kusema hajapata kuona mchezaji mkweli kama yule. Yeye mwenyewe hakufika fainali tena.

Nilipokikunjua kizibao nilikitafuta kifungo changu. Kilikuwa kimeshonwa upya kwa uzi wa bluu, mizunguko isiyohesabika, mafundo ya mtu asiyejua sindano. Habibu, aliyetuletea hata soksi zake zilizotoboka tumtililie, kifungo hiki alikishona mwenyewe kwa kificho, mtu asije akauliza kililegea lini. Nilisikia kinyaa, nikakitupa mezani na kunawa mikono.

Mariamu alipopita kukiulizia, aliomba niutoe uzi ule mbaya, niweke mweusi. Akaongeza kwamba Mzee Damaseni ndiye atakayehutubia kwenye uzinduzi, na maneno yake ameshayaandaa.

Miaka yote nilijiambia Tonto alinipa ile Fanta kwa sababu alinipenda. Sasa najua alikuwa akinifunga mdomo, nami nikashukuru. Kinyaa kile sikumwonea Habibu peke yake, nilijionea na mimi.

Uzi mweusi ulikuwa umeniishia. Nilikwenda dukani kwa Damaseni, akaniuliza hali ya mama, nikamwambia hajambo. Nilipomweleza kazi yenyewe, alipekua rafu nzima akanitafutia uzi imara kuliko wote, akisema kizibao cha mtu yule hakistahili uzi wa ovyo. Nikapokea, nikamwambia asante, nikarudi kushona.