Klachi Iliyokufa Mwingi

Juzi fundi alinibadilishia klachi ya kompresa ya AC ya gari langu. Alipowasha gari nikasikia ule mlio mdogo wa klachi ikishika kompresa, "tak!", nikatabasamu peke yangu.

Nilikuwa msichana mdogo siku tuliyomchukua Mama kutoka hospitali ya Mwingi, yeye na mdogo wangu aliyezaliwa kabla ya wakati. Jua lilikuwa kali na AC ya gari haikutoa baridi. Baba akasema hampeleki mtoto nyumbani Kyuso kwa joto hilo, akapita kwa fundi kwanza. Mama akangoja kwenye duka la jirani na mtoto kifuani. Mimi nilisimama kando ya Baba, kwenye harufu ya grisi na mpira wa moto.

Fundi akainua kichwa kutoka kwenye boneti. "Hii imekufa, mzee. Haishiki tena."

Leo najua alimaanisha klachi. Lakini tangu asubuhi watu wazima walikuwa wakinong'ona habari za mtoto tu, basi nikakimbia dukani nikilia.

"Mama, fundi amesema mtoto amekufa, hashiki tena!"

Mama hakucheka. Alifunua leso, akachukua kidole changu, akakiweka kwenye kiganja cha mtoto. Kiganja kikajifunga taratibu.

"Anashika?"

"Anashika, Mama."

Baadaye fundi alifunga klachi nyingine, na gari likajaa ubaridi. Tuliondoka madirisha yamefungwa, Baba akiimba wimbo wa kanisani. Mimi nilikaa karibu na Mama, na sikukitoa kidole changu mpaka Kyuso.