Simu Iliyobakiza Miezi Kumi

Saa nne na dakika ishirini asubuhi namba ilikuwa mia moja na kumi na mbili. Ilipofika saa tano kasorobo, Pyo Mal-sun alifuta mikono kwenye aproni, akaitupia jicho simu yake, akaikuta namba ni ileile. Akaendelea kuchambua matunda ya persimoni, makubwa huku, yenye madoa kule. Saa tano na dakika tano akaitazama tena. Mia moja na kumi na mbili.

Mikono ikasita. Sukari katika damu ya mtu haisimami kama nguzo.

Sukari yenyewe ilikuwa ya mumewe, Seo Yong-deuk, ambaye wakati huo alikuwa peke yake shambani kwao mlimani, kilomita nne kutoka ghala la ushirika alikofanya kazi Mal-sun. Kidude cha ukubwa wa sarafu kilichobandikwa nyuma ya mkono wake kiliipima kila baada ya dakika tano na kuipeleka kwenye simu yake, kisha simu yake ikaituma kwa mkewe. Ikishuka chini ya sabini, simu zote mbili zililia. Kwa miaka mitatu kilio hicho kilikuwa kimemwokoa mara sita. Kabla ya hapo hakukuwa na cha kumtonya mtu, na mwaka mmoja mbaya Mal-sun alimkuta amelala mtaroni, meno yameumana, nusu ya uso imo majini.

Akapiga simu. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga ya pili, ya tatu.

"Mama Da-sol, vipi? Umebadilika rangi," akasema mwenzake wa meza ya pili.

"Baba Da-sol hapokei."

"Sasa unangoja nini? Nenda! Matunda hayana miguu, utayakuta."

Mal-sun aliacha mkoba, akaacha koti, akaingia kwenye kigari chao cha mizigo na aproni yake. Njia ya mlimani ni nyembamba, na majira ya mavuno imejaa magari yanayoteremka na shehena. Mara mbili alilazimika kurudi nyuma kupisha. Kila aliporudi nyuma aliuona ule mtaro.

Alipofika, jambo la kwanza kuliona lilikuwa ngazi iliyoegemea mti, haina mtu. Chini ya ngazi palikuwa na kiatu kimoja.

"Baba Da-sol!" Sauti ilimtoka kama si yake. "Baba Da-sol!"

"Kelele za nini?" Jibu lilitoka juu kabisa, katikati ya majani. "Umefukuzwa kazi?"

Alikuwa amekaa kwenye panda la mti, mguu mmoja una kiatu na mwingine soksi, mkasi mkononi, mzima wa afya. Mal-sun akashika shina la mti. Hofu ikageuka hasira.

"Teremka. Simu yako iko wapi?"

Ilikuwa kwenye koti lake, na koti lilikuwa kwenye toroli. Ni simu ya miaka minane, urithi kutoka kwa binti yao Da-sol alipojinunulia nyingine, kioo kimepasuka pembeni. Mal-sun aliifungua ile programu ya sukari. Badala ya namba akakuta maandishi: *Programu hii haitumiki tena kwenye simu yako. Tafadhali tumia simu mpya zaidi.*

Kumbe ile mia moja na kumi na mbili ilikuwa kipimo cha mwisho kabla programu haijafungwa. Akatafuta zaidi. Onyo la kwanza lilikuja mwezi wa nane. La pili mwezi wa tisa. La tatu wiki iliyopita, lenye tarehe ya leo.

"Ulijua."

"Niliona maneno. Nikabonyeza 'baadaye'."

"Mara tatu?"

"Simu inapiga, inapokea, inapiga picha. Ina ubaya gani? Wao wanataka tu tununue nyingine." Yong-deuk alikuwa akivaa kiatu bila kumtazama. "Na mavuno ndiyo haya."

"Mavuno yatavunwa na mjane, ndivyo unavyotaka?"

Walirudi nyumbani, Yong-deuk akatoboa kidole, kipimo kikatoa mia moja thelathini na moja. Akabadili nguo huku Mal-sun akiwa nje anampigia Muuguzi Tak wa ile hospitali ya Daegu iliyowapa kile kidude.

"Mama, nisikilize vizuri," akasema muuguzi. "Dukani watawaonyesha kamera na ukubwa wa kioo. Achaneni nayo. Ulizeni mawili tu. Je, aina hiyo imo kwenye orodha ya programu yetu? Na je, kiwanda kitaendelea kuipelekea masasisho, yaani marekebisho ya programu zake, mpaka mwezi gani wa mwaka gani? Simu haianzi kuzeeka siku mliyoinunua ninyi. Inaanza siku ilipotoka kuuzwa mara ya kwanza. Unaweza kununua simu mpya ambayo ni kikongwe."

Mal-sun aliyarudia yale maswali njia nzima ya kwenda mjini. Walikubaliana kumaliza dukani kwanza, dakika kumi tu, kisha wale supu ya moto kwa mama mmoja muuza supu karibu na soko.

Duka lilikuwa na baridi ya kiyoyozi na nyimbo za kuchangamka. Muuzaji, Bwana Ki, mtu wa miaka arobaini hivi mwenye tai nyembamba, aliwapokea kwa mikono miwili.

"Karibu Mama, karibu Mzee! Mzee anataka nini? Kioo kikubwa, siyo? Macho yapumzike." Akatoa simu pana, rangi ya samawati, inayong'aa kama samaki aliyetolewa majini sasa hivi. "Hii kwa mkataba wa miaka miwili, simu yenyewe ni bure."

Yong-deuk akaipakata. Uso ukafunguka. "Mama Da-sol, ona. Naona hata vinyweleo vya pua yangu."

"Iko kwenye orodha hii?" Mal-sun akamwonyesha Bwana Ki orodha aliyotumiwa na Muuguzi Tak kwenye simu yake.

Bwana Ki akapitisha kidole. "Iko, Mama. Hii hapa."

"Masasisho yake yanaisha lini?"

"Ah, Mama, hii ni imara sana. Betri yake—"

"Sikukuuliza betri."

"Itadumu, Mama. Wateja wangu wengi—"

"Mwezi gani, mwaka gani?"

Bwana Ki akacheka kidogo, akapanga upya fomu ambazo tayari zilikuwa zimepangika. Yong-deuk ndiye aliyejibu. "Umekuja kununua simu au kuposa? Mpaka umuulize ukoo wake!"

"Naam, nataka ukoo wake. Ndiyo itakayokulinda."

"Bure, kasema bure!"

"Rahisi ghali, Baba Da-sol."

Wakavutana hivyo. Dakika kumi zikawa ishirini, ishirini zikawa arobaini. Mal-sun alishikilia swali lake, muuzaji akalizunguka, na Yong-deuk, ambaye kwa kawaida ni mtu wa mizaha, akaanza kuwa mkali. Kwanza alimwambia mkewe anapoteza muda wa watu. Kisha akasema siku zote anamfanya mtoto. Kisha akapiga meza kwa kiganja. "Kalamu! Nipe kalamu. Nasaini mimi, simu ni yangu."

Bwana Ki akasukuma fomu. Yong-deuk akashika kalamu, akaandika herufi ya kwanza ya jina lake, na ya pili ikateleza nje ya mstari, ikateremka mpaka chini ya karatasi.

Mal-sun aliuona ule mstari. Akamtazama usoni. Juu ya mdomo palikuwa na jasho, mle ndani mwa baridi.

"Umeshachoma sindano?"

"Nyumbani," akasema Yong-deuk, ulimi mzito. "Kuokoa muda."

Daima Yong-deuk huchoma sindano ya insulini chakula kikiwa mezani, maana hushusha sukari. Leo alikuwa ameichoma peke yake chumbani, baada ya asubuhi nzima ya kupanda na kushuka miti, na tangu hapo hakuwa ameweka hata punje mdomoni.

"Baba Da-sol, mimi ni nani?"

Alimtazama kama mtu anayetafuta kitu kwenye droo. Hakukipata.

Peremende zake za dharura zilibaki kwenye koti la shamba. Za Mal-sun zilikuwa kwenye mkoba, na mkoba uko ghalani. "Sukari!" akamgeukia muuzaji. "Ana kisukari, sindano imemzidi. Chochote kitamu, upesi!"

Bwana Ki, kwa sifa yake, hakuuliza mara mbili. Pembeni palikuwa na vile vipakiti vya kahawa vya kukirimu wateja, vyenye maziwa na sukari ndani. Akapasua vitatu kwenye kikombe kimoja, akatia maji moto kidogo kuyeyusha na baridi juu yake, akakoroga kwa kalamu.

Mal-sun akakipeleka kikombe mdomoni mwa mumewe. Yong-deuk akafumba midomo. Akajaribu tena, naye akakipiga kwa mkono, kahawa ikamwagika juu ya fomu zote.

"Kingine," akasema Mal-sun. Bwana Ki alikuwa tayari anapasua vipakiti, simu iko kando yake, namba ya gari la wagonjwa imeshaandikwa, inangoja kupigwa tu. Mal-sun alijua kwamba mumewe akishapoteza fahamu, hawezi kunyweshwa kitu. Dakika zilizobaki zilikuwa chache.

Akapiga magoti mbele ya kiti. "Sawa, umeshinda. Tunasaini. Lakini hapa dukani mkataba hausainiwi kabla ya kunywa kahawa. Siyo, Bwana Ki?"

"Ndiyo, Mzee," akasema Bwana Ki. "Ndiyo sheria yetu."

Yong-deuk akawatazama wote wawili kwa dharau kubwa. "Si mngesema," akanong'ona, na akanywa. Akanywa nusu. Mal-sun akamshika kidevu, akanywa yote. Wakampa cha pili.

Robo saa ikapita. Mteja mmoja alisukuma mlango, akaona sura zao, akarudi alikotoka. Kidogo kidogo jasho likakauka, macho yakarudi mahali pake. Yong-deuk akaitazama ile meza iliyolowa.

"Mama Da-sol," akasema taratibu, "nani kamwaga kahawa?"

Mal-sun akakaa chini sakafuni palepale na aproni yake, akafunika uso.

Bwana Ki aliifuta meza. Alikusanya zile fomu zilizolowa, akazichana vipande viwili, akazitupa. Kisha akaichukua ile simu ya samawati.

"Mama, hii msichukue. Ilianza kuuzwa miaka mitano iliyopita. Masasisho yake yanaisha mwezi wa nane mwakani. Imebakiza miezi kumi. Baada ya hapo siku yoyote ile programu yenu ingeweza kuikataa, na mkataba bado una mwaka na zaidi."

"Ulijua nilipokuuliza?"

"Nilijua." Hakuinua macho. "Wakubwa wangu wanataka simu hizi zote ziuzwe kabla mwaka haujaisha."

Mal-sun angeweza kumtukana. Maneno alikuwa nayo. Lakini mtu huyo ndiye aliyekoroga kahawa. "Basi nionyeshe unayoweza kumnunulia baba yako," akasema.

Bwana Ki akafungua droo ya chini. Akatoa simu ndogo nyeusi, isiyo na lolote la kujivunia. Ilitoka mwaka huu majira ya kuchipua, na kiwanda chake kiliahidi masasisho ya miaka sita. Haikuwa bure. Mal-sun hakumwamini kwa maneno. Alimfanya aitafute ile ahadi kwenye ukurasa wa kiwanda chenyewe, akausoma kwa kidole, kisha akamtumia Muuguzi Tak jina la simu. Jibu lilipokuja kwamba imo kwenye orodha, ndipo akachukua kadi ya mumewe, akalipa.

Walikula supu simu ile ikiwa katikati ya bakuli na sahani ya kimchi, ile kabichi chachu yenye pilipili. Kwenye kioo palikuwa na vistari viwili tu, programu ya sukari ikijiandaa. Yong-deuk alikuwa anakula wali kwa adabu isiyo ya kawaida yake.

"Miaka sita," akasema mwishowe. "Nitakuwa na sabini na mbili."

"Kula."

"Nilidhani ni ujanja wa kuuza, Mama Da-sol. Kweli nilidhani hivyo."

"Mengine ni ujanja. Ndiyo maana mtu anauliza tarehe."

Vile vistari vikatoweka na namba ikatokea, mia moja arobaini na nane. Wote wawili wakaitazama. Baada ya dakika tano ikawa mia moja hamsini na moja. Mal-sun akashusha pumzi, akamwomba yule mama amwongeze supu.

Wiki ya pili, Jumanne mchana, simu zililia. Sitini na sita. Mal-sun alikuwa ameshatupa glavu na kufika mlangoni mwa ghala mumewe alipopiga.

"Nimeshuka mtini. Nimekula peremende nne. Usije, utanitia aibu mbele ya jirani."

Hakwenda. Alisimama pale mlangoni, simu kiganjani, mpaka namba ilipoanza kupanda.