Mwalimu wa Sifuri

Mwalimu wa kompyuta pale mjini Drachten huingia darasani na trei tupu ya mayai kwapani, huiweka mezani, kisha hushusha pumzi kama aliyeibeba ikiwa imejaa. "Hii ndiyo safu, yaani orodha ndani ya programu," husema kwa sauti iliyokauka, kidole gumba kikibonyeza kishimo cha kwanza. "Hiki namba ngapi?" Darasa zima, watu wazima walioachishwa kazi kiwanda cha jibini kilipofungwa, hujibu: "Moja!" Naye hufumba macho. "Sifuri, jamani. Kompyuta huanza na sifuri." Hii ni wiki ya sita, na kishimo kile kimeshatoboka.

Jumanne, Aafke aliandika programu ya kutaja majina ya darasa. Yalitoka yote kasoro lake, ambalo ndilo la kwanza kwenye orodha. Akajaribu mara tatu. "Na hii nayo imenipunguza kazini," alisema. Jirani yake Sietse akacheka. Mwalimu akaja akiburuta viatu, akainama, akafuta ile moja ambayo Aafke alianzia kuhesabu, akaandika sifuri. Jina la Aafke likatokea juu ya yote. "Ulikuwemo tangu mwanzo, mama," alisema mwalimu, keshageukia meza nyingine. "Ulijiruka mwenyewe."